Chini ya Blanketi

Maji yalikuwa yameshapoa, lakini fundi saa alikuwa bado amejifunika blanketi gubigubi juu ya sufuria ya majani ya mkaratusi.

Mafua yalikuwa yamembana tangu juzi. Enzi za uhai wake, mkewe ndiye aliyekuwa akimfukiza. Anamfunika, anakwenda kuosha vyombo, na akishamaliza kijiko cha mwisho anarudi kufunua blanketi. "Haya, toka. Umeiva." Fundi alikuwa akicheka huku jasho linamtiririka, maana yeye mwenye saa kumi na nne ukutani hakuwahi kujua shughuli ile huchukua dakika ngapi.

Leo alichemsha mwenyewe, akajifunika mwenyewe, akasubiri. Ndipo aliposhtuka kwamba muda wote ametega sikio jikoni, akingoja vyombo viishe.

Simu ikalia. Akatoa mkono nje, akaiingiza ndani. Alikuwa binti yake.

"Baba, umeshajifukiza?"

"Nimo ndani bado."

"Tangu tulipoongea? Maji si yameshapoa?"

"Yamepoa."

"Sasa unangoja nini humo?"

Tone likamdondoka kidevuni, likaingia kwenye sufuria. Akalisikia.

"Niambie nimeiva," akasema kwa sauti ndogo.

"Umesemaje, Baba? Sikusikii vizuri."

Fundi akavuta blanketi, akaziba mwanya ulioachwa na mkono wake.

"Si kitu, mwanangu. Mafua tu."