Nyumba za Vyura Nyuma ya Msikiti

Wa kwanza kushusha sururu alikuwa kibarua mwenye fulana iliyotatuka. Aliitua chini taratibu, akavua kofia, akabaki ameduwaa akiangalia chini ya ukuta wa msikiti. Wenzake nao wakatua majembe yao. Bimdogo, aliyekuwa amesimama katikati ya mchicha wake tayari kutukana, alishindwa kuelewa kilichowaziba midomo.

Walikuwa wamekuja kuchimba msingi. Tajiri mmoja asiyejulikana sura alikuwa amepata hati ya kiwanja kile, kwa njia ile ile ambayo viwanja vingi vya watu vilipata hati miaka hiyo. Mpaka mvua za El Nino zilipopita, hapo palikuwa jaa la mtaa wa Kuze na hakuna aliyepataka. Bimdogo ndiye aliyepataka. Eda ilipomwishia, nyumba ikimwelemea kwa ukimya, alishika jembe pamoja na rafiki yake Kadzo wa mtaa wa Tudor, wakazoa taka, wakapanda mchicha, bamia na mipapai. Wakimnyang'anya kiwanja hiki, hakujua ataamka asubuhi afanye nini.

Mchicha wa kwanza uliliwa wote na viwavi. Kadzo, aliyelelewa shambani Kaloleni, akamwambia aachane na mambo ya dawa, atafute vyura: wakipata pa kulala mchana, usiku hufagia wadudu wote. Basi wakawajengea. Nyuki wa kuchavusha bamia walitundikiwa vipande vya mwanzi, na vyura wakapewa kivuli cha ukuta wa nyuma wa msikiti. Vilikuwa vijumba vitatu virefu vya mawe yaliyofukiwa udongo, kila kimoja na tundu la kuingilia chini, jiwe bapa lililosimamishwa upande mmoja kukinga jua, na mrehani juu yake ili pasikauke. Kila asubuhi Bimdogo alivinyunyizia maji.

Msimamizi wa vibarua, kijana aitwaye Jamaldin, alisogea akamwamkia kwa sauti ya chini.

"Sabalkheri, bibi. Hawa ni wa nani?"

Mwanzo hakumwelewa. Umri wake wote hakuwahi kuliona kaburi kwa karibu. Hata mumewe alipozikwa, jeneza lilitoka na wanaume, yeye akabaki ndani na wanawake wenziwe kama ilivyo ada. Kisha akayafuata macho ya Jamaldin kutoka kijumba hadi kijumba, kila kimoja urefu wa mtoto, mrehani umechanua, udongo bado umelowa maji ya asubuhi. Ndipo akaelewa.

Jibu la kweli lilikuwa limeshamfika mdomoni. Lakini akayaona yale majembe yamelala chini.

"Ni wangu," alisema.

"Wote?"

"Wote, mwanangu."

Aliona aibu mpaka masikio yakamchoma. Jamaldin alichutama mbele ya kijumba cha mwisho, akainua viganja kuomba dua. Hapo hapo udongo ukachezacheza kwenye tundu la chini na pua ya chura ikachomoza, shubiri moja tu kutoka goti lake. Bimdogo akajongea kama anayekuja kuitikia dua, akaliacha buibui lake lilalie tundu. Alimhisi yule mnyama akimsukumasukuma mguuni. Aliitikia amina huku akimwomba Mungu amsamehe, na amzuie chura asilie.

Dua ikaisha. Jamaldin alijipangusa uso lakini hakuinuka. Sasa alikuwa akiuangalia mchicha, jinsi ulivyostawi mpaka ukagusana na mrehani, na uso wake ukabadilika. Bimdogo akajua amekwisha, mtu huyu kamgundua.

"Na mchicha huu, bibi, huliwa?"

"Huliwa. Mtaa mzima waula."

Jamaldin aliuvuta mguu wake mbali na mchicha. Alisimama, akawaambia watu wake wachukue vyombo vyao. Mwenye kutaka kujenga juu ya watoto wa watu na aje achimbe kwa mkono wake. Wakatoka kimya kimya, mmoja akirudi kinyumenyume kwa heshima.

Bimdogo alikaa chini palepale. Hofu ilipomtoka akaanza kucheka peke yake. Alijitanda, akaenda Tudor kumpa Kadzo habari, na Kadzo naye akacheka mpaka akajishika mbavu. Walikunywa chai wakipanga mahali pa kuweka nyumba nyingine za vyura. Alipoaga alipewa miche ya mabiringanya, mizizi imefungwa kwenye gazeti bichi. Alirudi Kuze alasiri imeshaswaliwa, akiwa mwepesi kama mwari.

Kutoka pembeni mwa kichochoro alisikia wanaume wengi wakisoma Yasini.

Vibarua walikuwa wamerudi na majembe yale yale. Waliokuja kuswali walikuwa nao, mikono imejaa chokaa. Mchicha, bamia na mipapai vilikuwa vimerundikwa nje, mizizi juu, na vijumba vitatu vimepigwa plasta na kupakwa chokaa vikang'aa, bila tundu hata moja. Kiwanja kizima kilikuwa kimezungushiwa mbao, na kijilango kimetiwa.

Jamaldin alimwona akamjia haraka, uso umemkunjuka kwa furaha. Alimwambia asiwe na wasiwasi tena. Msikitini kumeshatangazwa, mtaa wote umesimama kama mtu mmoja, na hakuna tajiri atakayethubutu kupagusa. Hapatajengwa wala hapatalimwa mpaka kiama.

Bimdogo, miche kifuani, alikwenda moja kwa moja hadi kwenye kijilango. Jamaldin akanyoosha mkono mbele yake.

"Hapo basi, bibi," alimwambia kwa upole. "Wewe wajua mwanamke haingii makaburini."