Jaribio la Sauti

Niliegemea ukuta nje ya wodi, nikaweka simu sikioni. Sauti ya mume wangu ikatoka, ikikwaruza: "Halo, halo. Moja, mbili. Moja, mbili."

Kisha kimya. Nikairudia rekodi. Kimya kilekile.

Alikuwa fundi wa vipaza sauti, mtu wa kufunga spika kwenye harusi na mikutano. Hakuwahi kusema jambo bila kujaribu kwanza.

Juzi, kabla ya kwenda kuondolewa koromeo lenye saratani, alinitoa chumbani. "Nipishe kidogo, mama watoto. Nina maneno yangu." Nikamwona kupitia kioo cha mlango, akiongea na simu robo saa nzima, akipangusa macho.

Kumbe alipomaliza kujaribu alibonyeza tena, akidhani ndiyo anaanza kurekodi. Alikuwa anazima.

Na daktari alikuwa ametoka kuniambia kwamba ule mkwaruzo tuliouita mafua mwaka mzima umeshafika kwenye mapafu. "Tuongelee wiki, mama. Miezi siwezi kukuahidi."

Nikaingia. Pumzi ilipita kwenye tundu la shingoni kwa mluzi mwembamba. Akavuta daftari, akaandika: *Umesikiliza?*

"Nimesikiliza."

*Yote?*

"Yote, baba watoto."

Mabega yake yakashuka, kama mtu aliyetua mzigo. Akaandika tena, polepole, kisha akanishika mkono nikisoma: *Utafanya nilivyokuomba?*

"Nitafanya," nikamwambia. "Neno kwa neno."