Sauti Yangu Ni Mwanachama

Klabu ya gofu ya mume wangu haipokei wanawake, ila inapokea sauti zetu. Kila mwanachama ana kigari cha kubebea fimbo kinachozungumza kwa sauti ya mkewe. Tulipolalamika kwamba tunabaguliwa, wakatujibu, "Mbona mmo ndani?"

Nyumbani nikimwita Kitwana, hujibu "Unasemaje?" bila kuinua macho. Lakini Jumamosi akirudi, hucheka peke yake mezani.

"Mama Nasra, leo umenivunja mbavu!"

"Mimi? Tangu asubuhi nafua."

"Aa, si wewe yule yule."

Wivu wa mke mwenza naujua. Wa mke mwenza mwenye sauti yangu, niupeleke kwa nani?

Juzi alisahau dawa yake ya presha. Nikampelekea, mlinzi akanizuia getini. Nikamwona ng'ambo ya seng'enge, kando ya kigari chake. Nikaita, "Baba Nasra!"

"Labeka, mpenzi," akajibu kwa upole niliousikia mara ya mwisho kwenye fungate, huku amekiinamia kigari.

Nikaita tena, kwa nguvu.

"He! Usinifokee," akakiambia, akicheka. "Leo umekuwa kama yule wa nyumbani."