Gari la Mama Shani

Mwinshehe aliendesha magari ya wakubwa kwa miaka thelathini na hakuwahi kumiliki hata moja. Leo alisimama kwenye yadi ya magari na mkewe, aliyepata leseni siku nne zilizopita, ili amchagulie la kwake.

Alisikiliza injini ya gari dogo jeupe. Ilinguruma kwa utulivu, bila moshi. Lilikuwa gari hasa la mtu anayeanza. Wivu ukamwingia.

"Hili bovu," alisema. "Tuchukue lile kubwa jeusi."

Muuzaji akacheka. "Mzee, lile mama hata breki hazifikii!"

"Wewe uza. Usinifundishe magari."

Mkewe alimgeukia. "Baba Shani, lile utaendesha wewe. Mimi nataka la kuendesha mimi. Niambie kweli, hili ni bovu?"

Mwinshehe aliifunga boneti polepole. "Ni zima," alisema.

Mama Shani akashika usukani ili walijaribu, na mumewe akazunguka upande wa pili. Gari lilipoanza kutambaa kuelekea langoni, mguu wa kulia wa Mwinshehe ulikanyaga zulia kwa nguvu, ukitafuta breki, kisha ukakanyaga tena.