Shahidi Wangu, Koplo Ngonyani

Siku hizi askari wa zamani hapewi pensheni bila shahidi wa kikosini. Wenzangu wote wameshakufa, kwa hiyo ofisi ya pensheni ilimwita marehemu Koplo Ngonyani, ambaye sauti na akili yake vimehifadhiwa ndani ya kisanduku cheusi.

"Haule, mwizi wa sukari!" kisanduku kilisema. "Bado uko hai?"

Nilicheka.

"Ndiye," Ngonyani alimwambia karani. "Alinibeba mgongoni siku mbili. Mpeni haki yake."

Karani aliinua muhuri.

"Ngoja, dada. Haule, mke wangu Skolastika hajambo?"

Ukimdanganya shahidi, ombi lako hufutwa. Nilinyoosha mgongo.

"Hajambo. Asubuhi amenipikia uji. Tuna miaka thelathini ya ndoa sasa."



"Mgongeeni muhuri," Ngonyani alisema hatimaye. "Shahidi huulizwa kila mwezi, sivyo?"

"Ndiyo, afande," karani alijibu.

"Basi mwezi ujao aje na mke wangu."

Nyumbani nilimkuta Skolastika akichambua mchele wa kukopa.

"Umepata, baba?"

Nilimwambia wameninyima.