Simu Iliyomchagulia Makame

Siku hizo watu hawakwenda tena vituoni. Simu ndizo zilizopiga kura kwa niaba yao, kwa kusoma walivyoishi. Programu iliyofanya kazi hiyo aliitengeneza Makame peke yake, sebuleni kwake. Siku ya uchaguzi, simu yake ikamchagua mgombea aliyekuwa akimpinga hadharani miaka yote. Akaipekua programu mstari baada ya mstari, asione kosa.

"Labda inakujua, Baba Salma," mkewe Kidawa alisema, akimenya viazi.

"Inajua nini nisichokijua mimi?"

"Sijui. Yangu imechagua nilivyotaka."

"Ulimtaka nani?"

"Huyo huyo unayempinga."

Makame akamtazama kama mgeni. Akabonyeza kitufe cha kukataa kura yake. Programu ikamuuliza sababu, kama alivyoiagiza mwenyewe. Kidole kikabaki hewani, asijue aandike nini.