Darasa la Fuko

Fuko alifundisha ramani za chini ya ardhi, na darasani kwake hakuja hata mwanafunzi mmoja. Wote walikwenda kwa Tai, aliyechora nchi kutoka angani.

"Kipofu na ramani wapi na wapi!" Tai alicheka.

Kila asubuhi Fuko aliifundisha mizizi.

Kiangazi kikakausha mito. Tai akazunguka siku tatu asione tone, ndipo akatua mlangoni kwa Fuko.

"Mwalimu mwenzangu, tunakufa kiu. Maji yako wapi?"

"Mapito yake nayajua. Ila sijui juu yake pana nini, mkachimbe wapi."

"Huko juu nakujua mimi. Tuchore pamoja."

Fuko akasikia vishindo vya kwato.

"Umekuja na nani?"

"Darasa zima."



"Waambie wakae. Nitaanza na majina yao."